Kabla Hujaiteremsha Mizani ya Zamani: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Unapoleta Kompyuta Kwenye Nchi ya Chai

Maneno haya yamwendee meneja wa kiwanda, mkurugenzi aliyechaguliwa na wakulima wa eneo lake, afisa wa Sacco, na kijana wa teknolojia anayeshuka kwenye gari la kampuni akiwa na viatu vyeupe siku ya mvua. Yanamhusu kila anayetaka kuondoa daftari na kuweka skrini, kuanzia Litein hadi Mogogosiek, kuanzia Kapkatet hadi Kapkoros. Sitaomba radhi kwa ukali. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya namna hii, na karibu yote humalizikia kwenye sentensi moja: "Watu wetu wanapinga mabadiliko." Ikishatamkwa, chai ya maziwa inaletwa, kumbukumbu za mkutano zinatiwa sahihi, na mitambo iliyonunuliwa kwa jasho la mkulima inarudishwa sandukuni.

Usiseme "wanapinga" kabla hujaandika nani anapoteza nini.

Chukua karatasi na kalamu, kalamu hiyo hiyo unayotaka kuifuta kazi. Andika jina la kila mtu ambaye mfumo wako utamgusa tangu jani linapochumwa hadi hela inapoingia benki. Mbele ya kila jina andika anachopoteza. Karani wa kituo anapoteza uwezo wa kuandika. Supavaisa anapoteza orodha ya waliofika kazini, ambayo ni yeye peke yake aliyeweza kuisoma. Mwenye kilo za wizi anapoteza giza. Mkulima mzee anapoteza karani anayemjua kwa jina, anayemwambia, "Kogo, leo majani yako yana maji, yakung'ute kwanza nisije nikakukata." Mhasibu anapoteza wiki tatu za kila mwisho wa mwezi ambazo hakuna aliyethubutu kumuuliza chochote kwa sababu "bado anafunga hesabu".

Ukimaliza kuandika utaona kwamba neno "upinzani" limekosa mahali pa kukaa. Limebaki na watu, na kila mmoja ana lake. Wengine hasara yao ni halali na unapaswa kuwafidia. Wengine hasara yao ni wizi unaokoma, na hao hawafidiwi. Asiyeweza kuwatofautisha asipewe ufunguo wa stoo ya mitambo.

Na usidhani kwamba watu wa huku wanaogopa simu. Mama huyo huyo mnayemwita mpinzani ametuma na kupokea pesa kwa M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, bila kiwanda chochote kumwandalia semina wala kumvisha fulana. Aliikubali kwa sababu moja kubwa: pesa ikitoka, ujumbe unamfikia yeye na unamfikia aliyetumiwa, wakati ule ule, na kila mmoja anabaki na wake. Hakuna anayemwambia arudi kesho kuuliza ofisini. Linganisha jambo hilo na mfumo wako, halafu ujiulize nani ana woga.

Usichanganye mashine inayopima na mashine inayochuma.

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kaunti hizi mbili, Kericho na Bomet, na linarudiwa na watu waliosoma. Kwa anayekaa Nairobi, mizani ya kielektroniki, orodha ya mahudhurio ya alama za vidole na mashine ya kuchuma majani vyote vinaingia kwenye sura moja ya ripoti. Kwa mtu wa Kericho havifanani hata kidogo. Ya kwanza inahesabu kazi yake. Ya mwisho inaiondoa.

Historia iko wazi. Oktoba 2010 wafanyakazi wa mashamba makubwa ya chai, chini ya chama chao cha KPAWU, waligoma kwa sababu ya mashine za kuchuma. Zaidi ya miaka kumi ikapita, mashine zikaongezeka, vibarua wakapungua. Kufikia Machi 2023 jopo lililoundwa na serikali ya Kaunti ya Kericho lilieleza kwamba kazi zipatazo 30,000 zilikuwa zimepotea katika kaunti hiyo pekee ndani ya muongo mmoja kutokana na mashine, na likapendekeza kuwe na uwiano wa 60 kwa 40 kati ya chai inayovunwa kwa mashine na inayochumwa kwa mkono. Miezi miwili baadaye, Mei 2023, waandamanaji walizichoma mashine kwenye mashamba ya ekaterra. Mtu mmoja alikufa, kadhaa wakajeruhiwa, na kampuni ikasimamisha shughuli kwa muda.

Tazama tarehe hizo vizuri. Kati ya mgomo na moto kuna karibu miaka kumi na mitatu. Huo si mlipuko wa ghafla wa watu wasiojua maendeleo. Ni hesabu iliyoachwa wazi kwa karibu miaka kumi na mitatu, ikisubiri mtu wa kuifunga kwa mazungumzo, hadi ikafungwa kwa kiberiti. Sisifu moto. Nasema tu kwamba ulikuwa na muda mrefu wa kuonekana ukija.

Kisha ongeza jambo hili. Kibao cha getini kimebadilishwa mara ngapi? Mashamba hayo yalikuwa ya Brooke Bond, yakawa ya Unilever. Mwaka 2022 biashara ya chai ya Unilever, iliyokwisha kuitwa ekaterra, ikachukuliwa na CVC Capital Partners, baadaye jina likawa Lipton, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba mashamba yanauzwa kwa Browns ya Sri Lanka, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imekwisha kununua mashamba ya James Finlay. Mchumaji anayekaa kwenye laini zilezile za nyumba za wafanyakazi alikozaliwa amewaona wenye mali wakija na kuondoka kama magari ya abiria stejini. Leo unamwambia, "Mfumo huu ni kwa manufaa yako ya muda mrefu." Muda mrefu wa nani?

Kwa hiyo, ukiingia kijijini na kifaa cha kidijitali, jua kwamba unaingia na moshi wa 2023 kwenye nguo, hata kama wewe ni kiwanda cha wakulima wadogo na hujawahi kumiliki mashine ya kuchuma. Swali la kwanza utakaloulizwa halitahusu kifaa. Utaulizwa: baada ya hiki, kinakuja nini?

Taja ajira siku ya kwanza, kwa idadi.

Usiseme "hakuna atakayeathirika". Kila mtu aliyewahi kuambiwa hivyo aliathirika. Sema: makarani ni kumi na wawili, tutabaki nao kumi na wawili kwa miaka miwili, baada ya hapo hatutaajiri mpya anayestaafu akiondoka. Au sema: tutawaondoa wanne, malipo yao ni haya. Maneno machungu yenye namba hukasirisha watu wiki moja. Maneno matamu yasiyo na namba hukasirisha watu miaka kumi na mitatu.

Wape watu sehemu ya uamuzi kabla uamuzi haujakauka.

Hapa nitatoka Kericho kidogo. Mwaka 1948 Lester Coch na John French walichapisha utafiti walioufanya katika kiwanda cha Harwood, mjini Marion, jimbo la Virginia nchini Marekani. Kiwanda kilishona pajama, na wafanyakazi, wengi wao wanawake, walilipwa kwa idadi ya vipande. Kila walipobadilishiwa namna ya kazi, hata kidogo, mwendo wao ulishuka na wengi wakaacha kazi. Watafiti wakawagawa katika makundi. Kundi moja liliitwa likaelezwa tu kwamba kazi imebadilika na malipo mapya ya kipande ni haya. Makundi mengine yalionyeshwa tatizo la gharama na kushirikishwa kupanga kazi mpya, moja kupitia wawakilishi, mengine kwa watu wote kukaa pamoja. Katika kundi la walioelezwa tu, asilimia 17 waliacha kazi ndani ya siku 40 na waliobaki hawakupandisha mwendo. Walioshirikishwa walirudi kwenye mwendo wao upesi, kisha wakaupita.

Anayechuma chai kwa kilo yuko mahali pale pale walipokuwa wale wanawake wa Marion. Vidole vyake vina mwendo, na mwendo huo ndio ugali wake. Mkulima naye ana mwendo: anachuma asubuhi, anafika kituoni saa nane, lori linakuja saa kumi. Ukileta utaratibu mpya wa kadi, alama ya kidole na kusubiri risiti, foleni inarefuka. Foleni ikirefuka, majani yanashika joto ndani ya gunia, yanageuka rangi. Karani atayakataa, na atakuwa sahihi kuyakataa. Nani amelipia gharama ya mafunzo yako? Ni yule aliyerudi nyumbani na gunia zima mgongoni akalimwaga kwenye shimo la mbolea.

Basi lipa gharama hiyo wewe. Wiki nne za kwanza ongeza karani wa pili, leta lori mapema, na jani lililoharibika kwa sababu ya foleni yako lipokelewe.

Usianze msimu wa majani mengi. Aprili na Mei si miezi ya majaribio. Hili halihitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kuona kituo wakati wa mvua za masika.

Mheshimu karani, lakini mpokonye kalamu.

KTDA, shirika linalosimamia viwanda vya wakulima wadogo wa chai, ilipoingiza mizani ya kielektroniki kwenye vituo vya kununulia majani, mwanzoni mwa miaka ya 2010, jambo kubwa halikuwa skrini. Jambo kubwa lilikuwa kwamba uzito ulitoka kwenye mizani ukaingia kwenye kumbukumbu bila kupita mkononi mwa mtu. Zamani karani alisoma mshale, akaandika. Kati ya jicho na kalamu kulikuwa na uwanja mpana, na mengi yalichezwa humo: nusu kilo iliyopotea, kilo zilizotokea kwenye namba ya mtu ambaye hana hata kichaka kimoja cha chai.

Lakini msimfanye karani kuwa shetani. Karani huyo huyo ndiye aliyejua kwamba mzee fulani haoni vizuri, kwamba mjane fulani anatumia namba ya marehemu mumewe, kwamba gunia la yule kijana lazima lifunguliwe hadi chini kwa sababu juu kuna majani mawili na chipukizi na chini kuna mashina. Mfumo hauyajui hayo. Ukimtimua, unayatimua naye. Mpe kazi inayolingana na ujuzi wake: awe mkaguzi wa ubora, awe msikilizaji wa malalamiko, awe mwalimu wa wakulima wenzake. Na umpe cheo hicho kabla mitambo haijafika, siyo baada ya yeye kuiharibu.

Kuna njia nyingi za kuharibu mitambo bila kuigusa. Betri husahaulika kuchajiwa. Karatasi ya kuchapia huisha siku mkaguzi anapokuja. "Mtandao umepotea" husemwa hata mahali ambapo mlingoti wa simu unaonekana kwa macho. Ukisikia hivyo mara tatu ndani ya wiki moja, usiite fundi. Rudi kwenye ile karatasi ya nani anapoteza nini.

Usimpe mkulima risiti inayofutika.

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu sijaona wengi wanaolijali jambo hili.

Nyumbani kwetu risiti za chai zilikaa ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, juu ya kabati, mbali na watoto na moshi. Zilikuwa za kalamu. Zilichafuka, zilipindika, lakini zilisomeka. Mwezi wa Oktoba, bonasi ilipokaribia, kopo lilishushwa, risiti zikapangwa mezani mwezi kwa mwezi, na aliyefika darasa la juu kuliko wote akapewa kazi ya kujumlisha. Hiyo ndiyo ilikuwa idara ya ukaguzi wa hesabu ya nyumba ile.

Sasa fikiria. Mwaka wa fedha wa viwanda vya wakulima wadogo unaanza Julai na kuisha Juni. Bonasi hutolewa baadaye, kuelekea Oktoba, na hupigwa kwa jumla ya kilo za mwaka mzima. Maana yake risiti ya Julai inatakiwa kuishi miezi kumi na mitano kabla ya kutoa ushahidi wake. Vichapishi vidogo vya kubeba mkononi hutumia karatasi inayoandikwa kwa joto, na karatasi hiyo hupauka, hasa ikikaa penye joto, jua au mafuta. Kopo la mafuta juu ya kabati karibu na jiko lina vyote hivyo. Siku ya kulishusha, mama anafungua na kukuta vipande vyeupe.

Mwambie mama huyo kwamba kumbukumbu zake zipo salama kwenye kompyuta ya kiwanda. Mwambie, halafu umtazame usoni. Amekuwa akigombana na kiwanda kuhusu kilo, na wewe unamwambia ushahidi wake anao mpinzani wake.

Kwa hiyo fanya haya. Tuma kilo za kila siku kwa ujumbe wa simu, na zikae kwenye simu yake. Kila mwisho wa mwezi bandika kituoni orodha iliyochapishwa kwa wino, yenye namba za wakulima na kilo zao, na iache hapo mpaka mwezi unaofuata. Mwisho wa mwaka, kabla bonasi haijatangazwa, mpe kila mkulima taarifa ya kilo zake za miezi kumi na miwili, na umpe siku thelathini za kubishana nayo. Bei ya bonasi ikitangazwa na watu wakaona ni ndogo, na huku upande wa magharibi ya Bonde la Ufa tumeizoea bei ndogo kuliko ya wenzetu wa mashariki, angalau wabishane kuhusu bei peke yake. Bei ndogo pamoja na kilo zisizoaminika ni petroli na kiberiti mfuko mmoja.

Usigandishe dhuluma ya zamani ndani ya mfumo mpya.

Daftari lilikuwa na huruma ya aina yake. Namba ya chai ilikuwa ya baba, baba alikufa zamani, mama anachuma, mtoto wa tatu anabeba gunia, na hela inaingia Sacco kwenye akaunti ambayo kila mtu kijijini anajua ni ya nani. Haikuwa halali kabisa, lakini ilifanya kazi. Mfumo mpya unauliza kitambulisho, namba ya simu na alama ya kidole. Kidole cha nani?

Ukiwaachia vijana wa kuandikisha wafanye haraka, wataandika jina la mwanamume yeyote mzima aliyepo nyumbani siku hiyo, na simu ya mwenye simu kubwa. Kuanzia hapo mama anachuma na ujumbe wa kilo unaingia kwenye simu ya kijana aliye Nairobi. Amechuma jana, hajui amechuma ngapi. Kisha unakuja kushangaa kwamba wanawake "hawajaipokea teknolojia".

Andikisha anayechuma pamoja na mwenye shamba. Ruhusu namba mbili za simu kwenye namba moja ya chai. Na kwa namba za marehemu, usizifunge kwa mkupuo mmoja. Peleka orodha kwa wazee wa kokwet, baraza la kijiji, kwanza, kila kijiji na orodha yake, kwa sababu wao wanajua nani alimwachia nani kabla chifu na mahakama hawajajua. Itachelewesha mradi wako miezi mitatu. Chelewa.

Tena, alama za vidole na namba za vitambulisho si mali yako. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Mwambie mkulima unazichukua kwa kazi gani, na usije ukamkuta anapigiwa simu na wauza mikopo usiowafahamu.

Usitafute wapinzani kwenye foleni tu. Tafuta na bodini.

Wa kwenye foleni hupiga kelele, kwa hiyo ni rahisi kuwaona. Wa bodini wana adabu. Hawachomi kitu. Husema, "Wazo ni zuri, tuunde kamati ndogo." Kamati ndogo huomba ziara ya mafunzo. Ziara huzaa ripoti. Ripoti hupelekwa kwa wakili. Wakati huo uchaguzi wa wakurugenzi umefika, na kila kitu kinaanza upya.

Nenda Mombasa ujifunze. Mnada wa chai ulio pale tangu 1969, unaosimamiwa na chama cha wafanyabiashara wa chai wa Afrika Mashariki, EATTA, uliendeshwa kwa miaka mingi kwa sauti na nyundo: madalali mbele, wanunuzi na katalogi zao mezani, bei inapandishwa kwa mkono na kikohozi. Habari za kuuhamishia kwenye kompyuta zilizungumzwa mwaka baada ya mwaka. Hakukukosekana sababu ya kungoja. Ikaja korona mwaka 2020, watu wasiweze kukaa chumba kimoja, na mnada ukaingia kwenye kompyuta. Kule Colombo, ambako chai imenadiwa tangu 1883, ilikuwa hivyo hivyo: Aprili 2020 wakauza kwa mtandao mara ya kwanza, ndani ya wiki chache tu tangu nchi ifungwe.

Miaka ya mazungumzo, kisha muda mfupi wa kazi. Hapo utajua kwamba kilichokosekana hakikuwa vifaa wala ujuzi. Chumba cha mnada kilikuwa na faida kwa waliokuwa ndani yake: aliyeketi pale aliona nani anamtazama nani, na kujua nani hatapandisha bei leo. Skrini ilikuja kuufuta mtazamo huo. Wenye nguvu ya kuchelewesha waliitumia, kwa heshima zote, mpaka ugonjwa ukawatoa chumbani.

Nasema hivi kwa sababu mkulima wa Konoin hulaumiwa kwa ushamba akiuliza maswali mawili kuhusu mizani, huku chai yake ikienda kuuzwa mahali ambapo mabadiliko yalisubiri janga la dunia nzima. Kama unataka uwazi, uanzie juu. Onyesha kwanza hesabu za kiwanda: chai iliuzwa mnadani kwa bei gani, dalali alichukua ngapi, kuni na umeme vilikula ngapi, wakurugenzi walilipana posho ngapi. Weka hayo kwenye simu ya mkulima kabla ya kumwomba kidole chake. Mkurugenzi atakayekataa hilo, huyo ndiye mpinzani wako wa kwanza, na jina lake lisimame juu kabisa kwenye karatasi.

Usinunue mfumo kwa sababu kiwanda jirani kimenunua. Wala kwa sababu aliyeuza ni shemeji ya mtu.

Funza kwa Kikipsigis, na umfundishe anayekosea, siyo anayejua.

Semina ya hotelini Kericho mjini, kwa Kiingereza, yenye soda na cheti, hufundisha watu wasiopima chai. Fundisha kituoni, mchana, gunia likiwa kwenye ndoano. Mwalimu awe mkulima wa kituo hicho hicho, ikiwezekana mwanamke, na alipwe. Kijana wa viatu vyeupe asimame pembeni aandike maswali yote atakayosikia, kwa sababu ndani ya maswali hayo ndimo kasoro za mfumo wake zilimo. Mzee akiuliza, "Na mvua ikinyesha juu ya kifaa?" usicheke. Kericho hunyesha karibu kila alasiri, na alasiri ndipo majani hupimwa.

Andaa siku ya giza. Siku moja betri zote zitakufa, au mtandao utazimika wiki nzima, au kompyuta ya kiwandani itaharibika katikati ya mwezi. Amua leo kilo zitaandikwa wapi, nani atatia sahihi, na zitaingizwaje baadaye mbele ya macho ya nani. Kuna kituo nakijua ambako siku kama hiyo ilifika bila mpango. Karani aliandika kwenye kiganja, kisha mvua ikanyesha. Jina la kituo halina umuhimu. Wakulima wake waliohamia kwa wachuuzi wa majani wanaopita na pikipiki wakilipa taslimu, hawajarudi wote hadi leo.

Iache mizani ya zamani ikining'inia.

Msimu mzima. Usiiteremshe siku ya uzinduzi, mbele ya mgeni rasmi na wapiga picha, kama mtu anayeshusha bendera ya adui. Iache kwenye ndoano yake, imepimwa na kupigwa muhuri na maafisa wa vipimo na mizani, na utangaze kwamba mkulima yeyote ana haki ya kulipima gunia lake mara mbili. Siku za kwanza watapima wote. Foleni itakuwa ndefu na utakereka. Wiki ya tatu watapima wachache wenye mashaka, na hao uwashukuru, maana wanakukagulia mitambo bure. Mizani hizo mbili zikitofautiana, simamisha kazi hapo hapo, mbele yao, utafute kosa, hata kama lori linapiga honi.

Mizani ikianza kuota utando wa buibui kwa kukosa wa kuiuliza, waulize wakulima wenyewe kama ni wakati wa kuiteremsha. Wakisema bado, ni bado.

Uwepo mwenyewe.

Usitume mwakilishi siku ya kwanza, wala ya pili. Vaa gambuti. Fika kabla ya gunia la kwanza na ukae hadi la mwisho, kwa sababu la mwisho ndilo la mama aliyetoka mbali zaidi, na ndilo hupimwa gizani karani akiwa amechoka. Muulize ameandikiwa kilo ngapi. Kama anakutazama wewe badala ya kutazama simu yake, rudi kesho.

Halafu panda lori pamoja na majani hadi kiwandani. Kilo zilizopimwa kituoni na kilo zitakazopimwa getini lazima zisomwe na mtu mmoja usiku ule ule. Tofauti ikiwepo, iandike, na asubuhi iwe imebandikwa kituoni kabla wachumaji hawajapita kwenda shambani.